Bafu la Mama Komeo

Jina alilopewa na wazazi wake, watu wa mtaa ule walikwisha kulisahau. Walimwita Mama Komeo, na aliyembandika jina hilo ni fundi viatu wa ng'ambo ya barabara. Kila jioni, akiwa kwenye kigoda chake, fundi alimsikia mwanamke yule akifunga nyumba: mlango wa mbele kwanza, kisha wa uani, kisha madirisha moja moja, na kila komeo likilia kwa sauti yake. Fundi alikuwa akisema yeye hahitaji saa. Mama Komeo akishafunga, naye hukusanya soli zake akaenda zake. Mwenye jina hakukasirika. Alikuwa mcheshi kuliko watu walivyomdhania, ila katika jambo la milango hakuwa na mzaha hata kidogo.

Kazi yake ilikuwa kupiga pasi kwa dobi mmoja mkubwa aliyefua shuka za nyumba za wageni. Alisimama tangu asubuhi mbele ya meza ndefu, mvuke ukimpanda usoni, shuka zikipita mikononi mwake zikiwa na mikunjo na kutoka zimelala kama karatasi. Wenzake walimpenda kwa kuwa hakuunguza kitu. Alirudi nyumbani mchana ukigeuka, nguo zimemshika mgongoni, akiwa na hamu ya jambo moja tu duniani, nalo ni kuoga. Na hapo ndipo palipokuwa na shida yake, kwa sababu bafu lake lilikuwa na joto kuliko kwa dobi.

Bafu hilo lilikuwa mwisho wa ukumbi, ukuta wake wa nyuma ukipakana na uchochoro. Zamani lilikuwa na dirisha. Siku moja, angali mke kijana na mumewe dereva wa lori akiwa safarini, aliingia kuoga jua likiwa bado liko juu. Alijipaka sabuni usoni, akafumbua jicho moja kutafuta kata ya maji, akaona vidole vinne vimeshika ukingo wa dirisha. Havikuwa na haraka vidole vile. Vilipapasa kama mtu anayetafuta kitu ndani ya kabati lake mwenyewe, vikagusa kisahani cha sabuni, vikakisogeza kando, vikatambaa mpaka penye taulo, vikalivuta nje polepole. Alitaka kupiga kelele, sauti ikagoma. Akabaki amesimama, akisikiliza pumzi za mtu upande wa pili wa ukuta, mpaka povu likamkaukia mwilini na pumzi zile zikawa hazipo.

Hakujulikana ni nani. Majirani walisema ni mwizi wa taulo, wakacheka. Mumewe aliporudi hakucheka. Alimwita mdogo wake, ambaye ni mwashi, wakaliziba dirisha kwa matofali siku hiyo hiyo, na mlangoni mume akapigilia makomeo matatu: juu, katikati na chini. Tangu hapo bafu likawa pango. Taa iliwashwa hata mchana, kuta zikaota ukungu mweusi pembeni, na hewa ikawa ya jana na juzi. Lakini Mama Komeo aliweza kuoga humo bila kutetemeka, na kwake hilo lilitosha. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka; yeye aliona afadhali aishi mahali pasipo ung'ongo kabisa.

Mumewe alifariki kwa maradhi wakiwa hawajajaliwa mtoto. Watu walidhani mama mkwe wake atahamia kwa mwashi, mwanawe aliyebaki. Bibi yule akawashangaza. Alifunga sanduku lake akaja kwa mkwewe, akasema kwa mwashi kuna kelele nyingi, na hapa kuna mtu anayejua kunyamaza. Wakaishi wajane wawili chini ya paa moja, wakitaniana na kugombea redio. Sharti la nyumba lilikuwa moja tu, nalo bibi aliambiwa siku ya kwanza: ukiingia bafuni, funga makomeo yote matatu. Bibi hakuuliza kwa nini. Kisa cha vidole alikuwa anakijua.

Ndipo kikaja kiangazi ambacho watu bado wanakitaja. Mabati yalilia mchana kutwa kwa kutanuka. Mbwa walilala ndani ya mitaro. Bomba la maji la nyumba ile lilipita juu ya paa, na kufika alasiri maji yalitoka ya moto kiasi kwamba bibi alisema ukitia majani na sukari umepata chai. Bafuni hakukuwa na pa kutokea mvuke wala pa kuingilia upepo. Mtu aliingia akiwa na jasho, akaoga, akatoka na jasho jingine jipya.

Alasiri moja Mama Komeo alirudi kazini akamkuta mama mkwe anaingia kuoga. Akasikia makomeo: la juu, la katikati, la chini. Akasikia maji. Akaenda jikoni, akanywa maji glasi mbili kwa mkupuo, akavua viatu, akakaa. Maji bado yanamwagika. Mwanzoni hakujali. Kisha akaanza kuyasikiliza vizuri, na akagundua yanamwagika kwa sauti moja tu, bila kukatizwa na mwili wa mtu.

"Mama?"

Hakujibiwa. Akaenda mlangoni akabisha, akaita tena, akabisha kwa ngumi. Akausukuma mlango kwa bega, na mlango haukutikisika, kwa kuwa mumewe alikuwa ameufanya uwe hivyo. Maji yakaanza kupita chini ya mlango na kumlowesha vidole vya miguu. Ile sauti iliyomgomea miaka mingi iliyopita, safari hii ilitoka, na ilitoka kubwa hata yeye mwenyewe ikamwogopesha.

Fundi viatu alikuja mbio na nyundo yake. Alijaribu upande wa bawaba, lakini mlango ulifungukia ndani, na bawaba zilikuwa huko huko. Wakaamua kuvunja ubao wa juu. Ubao ulipoachia, joto liliwapiga usoni kama wamefunua chungu. Hakuna kilichoonekana, maana umeme ulikuwa umekatika saa hiyo. Fundi viatu akageuza uso, akampisha. Mama Komeo akapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, akajipenyeza kwenye lile tundu, mikono kwanza, akipapasa ubao, kisha ukuta, kisha komeo.

Kutoka chini gizani ikaja sauti nyembamba ya mtu mwenye hofu: "Toka! Toka! Nyumba hii ina watu."

Bibi alikuwa amelala nyuma ya mlango, na alikuwa ameiona mikono inaingia. Mama Komeo aliposhuka na kumgusa, bibi alimpiga kibao dhaifu shavuni, halafu akazimia.

Kwenye zahanati walimtia maji ya mishipani. Mwuguzi aliyemhudumia, mwanamke mtaratibu wa makamo, alieleza kwamba mwili wa mzee haujipozi tena kama wa kijana. Joto limempanda, presha imeshuka, moyo umechoka. Akauliza alikuwa wapi yalipompata. Mama Komeo akamweleza. Mwuguzi akasema wamshukuru Mungu, na kwamba mara nyingine huenda wasiwahi.

Hayo maneno ya mwisho ndiyo aliyorudi nayo nyumbani. Yalikaa naye mezani kwa dobi, yalikaa naye kitandani. Bibi naye alirudi amebadilika. Hakukanyaga tena bafuni. Alijifuta kwa kitambaa na beseni chumbani kwake, na alipoulizwa alisema ni uvivu tu wa uzee. Lakini mkwewe alimwona jinsi anavyopita mbele ya mlango ule uliobandikwa ubao mpya: anaharakisha kama anayepita mbele ya kaburi.

Shemeji yake, yule mwashi, alikuja na kamba yake ya kupimia. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kucheka kwa pua. Siku hiyo hakucheka. Alipima bafu lote, akatoka nje uchochoroni akautazama ukuta, akarudi akachora kwa kaa sakafuni. Alisema bafu la nchi yenye joto linataka hewa ipite, iingie chini upande wa kivuli na itoke juu upande wa pili, kwa maana hewa ya moto hupanda yenyewe bila kuombwa. Linataka mwanga, lakini si jua lenyewe. Linataka rangi nyepesi, dari nyeupe ya chokaa, na bomba lishuke kutoka kwenye paa lizikwe ardhini, ili maji yafike yangali maji.

Mama Komeo aliafiki yote isipokuwa tundu la ukutani.

"Shemeji," akasema mwashi, "bila dirisha siwezi kukujengea bafu. Nitakujengea tanuri lenye vigae vizuri."

"Basi nijengee tanuri."

Mwashi akamtazama, kisha akautazama mlango wa chumba alichokuwemo mama yake. Alikunja kamba yake akaondoka, na kunyamaza kwake kulimchoma Mama Komeo kuliko kama angemtukana.

Kesho yake, saa ile ile mabati yanapolia, aliamua kujithibitishia. Bibi alikuwa mzee, alijiambia, na mzee huanguka popote. Mtu mzima mwenye nguvu hawezi kushindwa na bafu. Akaingia, akafunga makomeo yote, akafungulia maji, akakaa juu ya ndoo asubiri. Mwanzoni alihesabu vigae. Halafu jasho likaanza kumwingia machoni. Mvuke ukamjaa kifuani kama pamba iliyolowa. Taa ikaanza kuwa na duara kuizunguka, masikio yakavuma, na akaona ni vizuri sasa atoke. Alisimama, na sakafu ikaondoka. Alishika ukuta. Komeo la juu lilifunguka. La katikati lilikuwa limepinda kidogo tangu siku ya kuvunjwa mlango, na vidole vyake vilivyolowa sabuni na jasho viliteleza juu yake, vikateleza tena. Akavuta kwa mikono miwili. Akavuta huku akisema maneno asiyoyajua. Na hapo, akiwa amebana kipaji cha uso kwenye ubao, ilimjia kwamba nje hakuna mtu anayetaka kuingia. Yeye ndiye aliyekuwa hawezi kutoka.

Komeo liliachia, na la chini likafuata. Alitoka ukumbini kwa magoti. Alipopata pumzi alimpigia shemeji yake simu, akamwambia neno moja tu: "Toboa."

Kukubali si kupona. Kila kitu kilichochorwa, hofu yake ilitaka kusema nacho kwanza. Mwashi alishauri mmea wa kutambaa nje ya dirisha uzuie jua. Yeye akasema mtu atajificha humo. Wakapatana badala yake kofia ya zege juu ya dirisha, itoe kivuli bila kutoa maficho. Alitaka dirisha liwe juu kuliko mkono wa mtu mrefu aliyesimama kwa ncha za vidole, na mwashi akafurahi, kwa kuwa huko juu ndiko hewa ya moto ilikotaka kutokea. Chini, upande wa uani, yangewekwa matofali ya matundu. Mama Komeo alikwenda mwenyewe kuyachagua, na mfyatuaji wa matofali alimtazama kwa mshangao akipita tofali moja hadi jingine akijaribu kupenyeza mkono wake. Lile lililoruhusu vidole vinne alilikataa. Mfyatuaji alimuuliza kama anajenga bafu au benki. Akajibu kwamba benki zina walinzi.

Jambo la mwisho alilolitaka ni kokoto. Ziwekwe nene uchochoroni, chini ya ukuta wote, ili mtu asiweze kupita pale bila kusikika. Mwashi aliwaza, akasema kokoto zitasaidia pia maji ya mvua yasisimame. Alikuwa na tabia hiyo, shemeji yule: kila woga aliopewa, aliutafutia kazi.

Palipokwama ni mlangoni. Mwashi alitaka mlango ufungukie nje, uwe na kitasa kimoja tu, cha aina ile ambayo mtu wa nje anaweza kukizungusha kwa sarafu.

"Komeo linalofunguliwa kwa nje si komeo," Mama Komeo alisema. "Ni pambo."

Bibi, ambaye siku zote hizo hakuwa ametia neno, aliongea akiwa chumbani kwake, mlango wazi. "Mwanangu, mimi niliyafunga yale makomeo kila siku kwa sababu yako. Sikuwa namwogopa mtu wa nje. Nilikuwa naogopa ukinikuta sijafunga utaona sikujali yaliyokupata." Akapumua. "Sasa nakuomba na mimi unijali. Niwekee mlango ambao ukinitaka nikiwa hai, utanipata."

Kitasa cha sarafu kikawekwa.

Siku ya kuvunja ukuta Mama Komeo alikwenda kazini asiione. Alisimama mezani kwake akipiga pasi, na kila alipofikiria nyundo inavyogonga, mkono ulisimama. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza wenzake wanavyokumbuka, aliunguza shuka. Aliporudi alikuta tundu ukutani, pana kama kifua cha mtu, na mwanga umeingia bafuni. Aliuona ule ukungu mweusi, rangi iliyobanduka, kutu ya bomba. Aliona mahali alipokuwa akijificha palivyo. Akatoka akakaa uani. Usiku huo walilaza kabati mbele ya mlango wa bafu, na bado hakulala.

Kazi ilipokwisha, lilikuwa bafu ambalo hata fundi viatu aliomba kulitazama. Kuta zilikuwa nyeupe yenye kijani cha mbali, kama maji yaliyosimama ndani ya glasi. Sakafu ilikuwa ya vigae vya kijivu vyenye ukwaruzo, maana mwashi alisema vigae vinavyong'aa ni vizuri kwa macho na vibaya kwa nyonga za wazee. Pembeni alijenga benchi la kukalia. Juu kulikuwa na dirisha la luva, vile vipande vya vioo vinavyoinamishwa kufungua na kufunga, na nondo ndani yake, chini safu ya matofali ya matundu, na ukiweka mkono katikati ya chumba ulihisi hewa inapita, ndogo, bila kukoma. Maji yalikuja baridi. Bibi alioga siku ya kwanza, akakaa humo mpaka vidole vikakunjamana.

Mama Komeo alioga siku ya nne. Alioga macho wazi, sabuni ikimchoma, uso akauacha mwisho. Luva alizifunga. Bibi aliweka kiti ukumbini nje ya mlango akamsimulia habari za redio kwa sauti kubwa, hata zile ambazo wote wawili walikuwa wamezisikia. Ikawa hivyo kwa majuma mengi. Kokoto zililia mara nyingi uchochoroni. Mtu anapita, mbuzi anapita, na kila mara yeye alisimama kama sanamu, maji yakimtiririka. Kisha akaendelea. Polepole akaanza kuacha luva moja wazi, halafu mbili. Shemeji alipomuuliza kama hofu imekwisha, alijibu haijaisha, ila sasa ina pa kutokea.

Kiangazi kilichofuata hakikuwa na huruma kuliko kile cha kwanza. Bibi alikuwa amepungua, akitembea kwa kushika kuta, akioga mara mbili kwa siku kwa amri ya mwuguzi. Sasa aliyekaa kwenye kiti cha ukumbini alikuwa Mama Komeo. Kila baada ya muda mfupi aliita, "Mama?" na bibi alijibu, mara "Nipo," mara "Sijafa," mara "Unanichosha."

Alasiri moja aliita, na hakukuwa na jibu.

Akaita tena. Maji yalikuwa yakimwagika kwa sauti moja. Hakubisha, hakumwita fundi viatu. Sarafu alikuwa nayo mfukoni, hakuiacha hata siku moja. Sarafu ikagonga mara mbili kando ya kitasa, kisha ikaingia, ikazunguka, na mlango ukafunguka kuelekea kwake bila kupinga.

Bibi alikuwa amekaa kwenye benchi, amejifunika khanga, miguu ndani ya beseni, macho amefumba. Dirisha juu yake lilikuwa wazi lote. Akafumbua jicho moja.

"Nimekusikia," akasema. "Nilinyamaza makusudi. Nilitaka kujua kama mlango unafunguka."

Mama Komeo alikaa pale pale kwenye vigae vilivyolowa, na nguo zake za kazini, akaanza kulia kwa kwikwi kama mtoto aliyepotea sokoni akapatikana. Bibi alimwacha alie. Kisha akamwekea mkono kichwani, mkono baridi, uliokunjamana kwa maji.

"Naogopa na mimi," bibi akasema. "Ulidhani ni wewe peke yako? Kila ninapoingia humu naikumbuka ile sakafu. Leo nimejua." Akamgongagonga kichwani kidogo. "Haya, funga huo mlango mwanangu. Unatuingizia joto la ukumbini."